GPS tatu, chanzo kimoja: anga ya magharibi inahitaji redio za ardhini

Panda ndege ndogo yoyote inayotoka Kitale kwenda Kisumu, au Kakamega kwenda Wilson jijini Nairobi, kisha uhesabu vifaa vinavyomwonyesha rubani mahali alipo. Kuna kipokezi kilichofungwa kwenye dashibodi. Kuna kishikwambi kilichofungwa pajani kwa mkanda, chenye ramani inayosogea. Kuna simu mfukoni. Abiria akiuliza kuhusu usalama, ataambiwa kwamba kimoja kikizima viwili vitabaki, na jibu hilo lina ukweli wake: betri huisha, skrini hupasuka, nyaya hulegea. Ila vyote vitatu vinasikiliza setilaiti zilezile, kwenye masafa yaleyale. Kitu kikiyaziba mawimbi hayo, vyote vitanyamaza kwa pamoja.

Wahandisi wa usalama huogopa sana hitilafu ya namna hii, ile ambayo sababu moja huangusha kinga zote kwa mpigo. Kuongeza kifaa cha nne hakusaidii chochote. Kinachosaidia ni kifaa kinachotegemea kitu kingine kabisa, na kwa ndege ndogo za huku kwetu kitu hicho kwa miaka mingi kimekuwa mitambo ya redio iliyosimikwa ardhini: VOR, DME na NDB. Hofu yangu ni kwamba tutaiacha mitambo hiyo ife mmoja baada ya mwingine, kila mmoja kwa sababu yake ndogo ya bajeti, bila mtu yeyote kukaa chini na kuamua ni ipi lazima ibaki. Magharibi mwa Kenya, kuanzia Nakuru mpaka mwambao wa ziwa, inastahili uamuzi huo ufanywe kwa makusudi.

Tuanze na udhaifu wenyewe. Setilaiti za GPS huzunguka kwenye kimo cha kama kilomita 20,200 na hutuma mawimbi kwa makumi machache tu ya wati. Yakifika kwenye antena ya ndege, nguvu iliyobaki ni kama wati moja iliyogawanywa kwa tarakimu ya 1 yenye sifuri 16 nyuma yake. Ni kama kusikiliza mnong'ono wa mtu aliye upande wa pili wa soko la Kibuye siku ya Jumapili: unawezekana kwa sababu sikio linajua hasa maneno linayoyatafuta, lakini yeyote anayepaza sauti karibu nawe ameumaliza. Kifaa kinachotoa chini ya wati moja kwenye masafa ya megahezi 1575.42, masafa makuu ya GPS ya kiraia, kinatosha kuyafunika mawimbi ya kweli kwa umbali mkubwa, hasa kwa ndege iliyo juu ambayo haina kilima wala jengo la kuikinga.

Kuzibwa ndiyo hali nafuu. Kifaa hupoteza mawimbi, taa ya onyo huwaka, rubani anajua. Kudanganywa ni kubaya zaidi. Mtambo wa udanganyifu hutuma mawimbi yanayofanana na ya setilaiti lakini yenye hesabu za uongo, na kipokezi huyafuata kikiamini kwamba yote ni sawa. Vipokezi vingi vya ndege vina njia ya kujikagua: setilaiti 4 zinatosha kutoa mahali na kimo, ya 5 inawezesha kugundua kwamba mojawapo inakosea, na ya 6 inawezesha kuitambua na kuiondoa. Hesabu hiyo ilibuniwa kwa ajili ya setilaiti moja iliyoharibika. Setilaiti zote zikisema uongo mmoja unaopatana, ukaguzi unapita na skrini inaendelea kuchora mstari mzuri wa rangi ya zambarau kuelekea mahali pasipo uwanja. Tangu Septemba 2023 marubani wa ndege kubwa zinazopita karibu na Iraki wameripoti jambo hili: saa za ndani ya ndege kubadilika zenyewe, ramani kuruka mamia ya kilomita, sauti ya onyo la mlima kulia pasipo mlima. Ndege hizo zina mifumo mingine ghali ya kujisahihisha. Ndege ndogo kama Cessna 206 haina.

Mtu wa Kisumu anaweza kusema hayo ni mambo ya vita vya mbali. Mwaka 2024 wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliripoti kwamba mawimbi ya GPS yalikuwa yakivurugwa na kupotoshwa katika Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo. Kutoka Goma mpaka Kisumu kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 640. Hiyo ni safari ya ndege ya saa chache, na ndege za misaada na za kukodi zinazotoka Kenya huifanya.

Lakini kinachonisumbua zaidi kiko karibu kuliko Goma, nacho ni barabara.

Mwaka 2012, uwanja wa Newark nchini Marekani ulikuwa ukijaribu mtambo mpya wa kusaidia ndege kutua kwa GPS. Mtambo ukawa unasumbuliwa na mawimbi ya ajabu. Wachunguzi walipofuatilia walimpata dereva wa gari la kampuni aliyekuwa amechomeka kifaa kidogo cha kuziba GPS kwenye tundu la kiberiti cha gari. Hakuwa na nia yoyote na ndege. Alitaka tu mwajiri wake asijue gari liko wapi. Mwaka 2013 tume ya mawasiliano ya nchi hiyo ilimtoza faini ya dola 31,875, lakini kwa hesabu za usalama wa anga cha kukumbuka si faini. Ni kwamba mtu mmoja mwenye kifaa cha bei ndogo, akiwa na sababu isiyohusiana na anga, aligusa mfumo wa uwanja mkubwa kwa kupita tu barabarani.

Sasa tazama barabara zetu. Malori yanayotoka Mombasa kwenda Uganda, Rwanda na Kongo hupita Nakuru, kisha yanagawanyika: mengine yanapanda Timboroa kwenda Eldoret na Malaba, mengine yanateremka kwa Kericho na Kisumu kuelekea Busia. Shehena nyingi za forodha hufungwa kufuli za kielektroniki zinazotoa taarifa za mahali lori lilipo, chini ya mfumo wa pamoja wa mamlaka za mapato za kanda hii. Magari ya kampuni yana vifuatiliaji. Magari ya mkopo yana vifuatiliaji. Kila kifuatiliaji kinampa mtu fulani sababu ya kutamani kukiziba: dereva anayetaka kupita kwa jamaa yake, mwizi wa mafuta, mwizi wa gari. Tumejenga nchi ambayo watu wengi wana faida ya kuua GPS kwa dakika kadhaa, na barabara wanazopita zinakwenda sambamba na njia za ndege zinazoshuka. Mamlaka ya Mawasiliano ina jukumu la kulinda masafa, na natamani ifanye upimaji wa mara kwa mara kandokando ya barabara hizo. Hata hivyo hakuna polisi wa masafa anayeweza kukamata kila kifaa kabla hakijapita chini ya ndege. Kinga lazima iwe ndani ya ndege na kwenye mitambo iliyo ardhini.

Kuna pia jua, na hapa jiografia haituhurumii. Kisumu iko karibu kabisa na mstari wa ikweta. Katika ukanda huu, baada ya jua kutua, tabaka la juu la hewa lenye chembe za umeme huchafuka na kutoa mapovu makubwa yanayofanya mawimbi ya setilaiti yatetemeke na kufifia. Hali hii huwa mbaya zaidi miezi ya Machi na Aprili na tena Septemba na Oktoba, na katika miaka ambayo jua lina shughuli nyingi. Nchi za Ulaya na Amerika Kaskazini zina mifumo ya ziada ya kusahihisha GPS kupitia setilaiti nyingine. Eneo la huduma ya mfumo wa Ulaya halifiki kwetu, na fujo hiyo ya ikweta ndiyo inayofanya kazi ya kuujenga mfumo kama huo Afrika kuwa ngumu. Ndege nyingi ndogo za magharibi hutua kabla ya giza kwa sababu viwanja vyake havina taa, kwa hiyo sitaki kulikuza jambo hili kupita kiasi. Ila ndege ya kubeba mgonjwa haichagui saa.

Mfano ninaoupenda zaidi, kwa sababu unafanana na sisi, ni wa Tartu nchini Estonia. Ni mji wa pili wa nchi hiyo, wa ukubwa wa wastani, wenye uwanja mdogo. Aprili 2024 shirika la Finnair lilisimamisha safari zake za huko kwa kama mwezi mzima, mpaka mwisho wa Mei, baada ya ndege zake mbili kulazimika kugeuza na kurudi Helsinki. Uwanja haukuwa umeharibika. Njia ya kuruka ilikuwa salama. Tatizo lilikuwa moja: taratibu za kushuka na kutua Tartu zilitegemea GPS peke yake, na mawimbi ya GPS eneo hilo yalikuwa yakivurugwa. Viwanja vikubwa vya jirani vilivyokuwa na njia nyingine viliendelea na kazi. Safari za Finnair za Tartu zilisimama mpaka utaratibu usiotegemea GPS ulipotengenezwa. Ni viwanja vidogo vya mikoani vinavyoumia kwanza, kwa sababu ndivyo vinavyonyimwa mitambo kwa hoja kwamba GPS inatosha.

Basi mitambo hiyo ya ardhini inafanya nini, na ipi inafaa huku?

NDB ndiyo kongwe na rahisi. Ni kituo kinachotuma mawimbi ya masafa ya chini pande zote, na sindano ndani ya ndege huelekea kilipo. Wazee wa urubani wa Afrika Mashariki waliipenda kwa sababu sindano hiyo hufuata hata redio ya kawaida ya masafa ya kati inayotangaza taarifa ya habari. Naiheshimu historia hiyo, lakini sitaitetea NDB kwa kanda ya ziwa. Mawimbi yake huchanganywa na milima na mwambao, hupotoka wakati wa machweo, na ubaya wake mkubwa ni radi: sindano huiacha njia na kuelekea kwenye umeme wa mawingu. Ziwa Viktoria ni mojawapo ya sehemu zenye radi nyingi duniani. Usiku upepo wa nchi kavu hukutana juu ya maji na kujenga dhoruba. Mchana upepo wa ziwa hupanda kuelekea Nandi na Kericho na kujenga nyingine. Kinga inayomwelekeza rubani ndani ya dhoruba pale anapoihitaji zaidi haistahili fedha za ukarabati. Zile zinazokufa ziachwe zipumzike, mradi uamuzi utangazwe.

VOR ni jambo jingine. Hutuma mawimbi kwenye megahezi 108 hadi 117.95, yakiwa na ishara mbili ambazo tofauti yake hubadilika kulingana na upande ndege iliko. Kipokezi hulinganisha ishara hizo na kusema: uko kwenye mstari wa nyuzi 045 kutoka kituoni. Kituo hutaja jina lake kwa herufi za Morse, yaani milio mifupi na mirefu, kwa hiyo rubani anaweza kuthibitisha kwa sikio lake kwamba anayemsikiliza ndiye. Mtambo wa kawaida hutoa kama wati 100 kutoka umbali wa makumi ya kilomita, na kifaa cha dereva wa lori hakiwezi kushindana na hilo. Usahihi wake si wa ajabu. Kosa la nyuzi 4 kwenye umbali wa kilomita 110 ni kosa la karibu kilomita 8 pembeni, na kati ya Tinderet na Mau kilomita 8 ni nyingi. Kwa hiyo rubani anayetumia VOR lazima aongeze kimo kwanza, kisha atafute njia. Nalisema hili wazi kwa sababu kuna wanaozungumzia VOR kana kwamba itachukua nafasi ya GPS bila kubadilisha lolote. Itamfikisha mtu nyumbani. Haitampitisha kwenye bonde jembamba chini ya mawingu, na hakuna mtu anayepaswa kuwa huko.

DME hukamilisha picha. Ndege hutuma mapigo, kituo hujibu baada ya mikrosekunde 50, na muda wa kwenda na kurudi hugeuzwa kuwa umbali. VOR na DME zikiwa mahali pamoja, kituo kimoja kinampa rubani mstari na umbali, yaani nukta kwenye ramani. Kama ningepewa fedha za kuokoa aina moja tu ya mtambo, ningeokoa jozi hii.

Kuna njia ya nne ambayo watu huisahau na ambayo kwa viwanja vyetu huenda ina thamani kubwa kwa bei ndogo: antena ya kutambua mwelekeo wa sauti ya rubani. Rubani anabonyeza redio yake ya kawaida na kuongea; antena kwenye mnara inatambua sauti inatoka upande gani; mwongoza ndege anamwambia afuate uelekeo upi kufika uwanjani. Ndiyo maana ya QDM katika lugha ya zamani ya redio, kutoka enzi ambazo Kisumu ilikuwa kituo cha ndege za Imperial Airways kwenye njia ya kutoka London kuja Afrika miaka ya 1930. Ndege haihitaji kifaa chochote cha ziada. Uingereza inautumia mpango huu kwa upana zaidi: rubani aliyepotea huita kwenye masafa ya dharura ya 121.5, na kituo cha dharura hulinganisha mielekeo kutoka antena kadhaa na kukadiria alipo. Antena 3, Kisumu, Eldoret na Nakuru, zingeweza kufanya kazi hiyo kwa eneo kubwa la magharibi. Zingemsaidia hata yule mwanafunzi wa urubani aliye peke yake ndani ya ndege ya viti 2 isiyo na VOR wala DME.

Sasa swali la ngapi na wapi. Marekani walikabili swali hili mapema. Walikuwa na VOR 896, nyingi zikiwa zimezeeka, na badala ya kuzifunga zote au kuzilinda zote walichora mtandao wa chini kabisa: karibu 590 zinabaki, zikipangwa ili ndege yoyote iliyo juu ya futi 5,000 kutoka ardhini ipate mawimbi, na popote rubani alipo bara awe ndani ya maili 100 za baharini, yaani kama kilomita 185, kutoka uwanja anaoweza kutua bila GPS. Napenda mpango ule kwa sababu unaanza na ahadi kwa rubani na kuishia na orodha ya mitambo. Sisi mara nyingi huanza na mtambo ulioharibika na kuuliza kama kuna fedha.

Nikiiweka kanuni hiyo juu ya ramani yetu, inashangaza jinsi inavyotosha. Kutoka uwanja wa Kisumu mpaka Eldoret ni kama kilomita 80. Kitale ni kama 120, Migori 113, Nakuru 150, Homa Bay chini ya 60, Kakamega 40. Duara moja la kilomita 185 lenye kitovu Kisumu linameza kanda yote. Kwa karatasi, uwanja mmoja wenye njia kamili ya kutua bila GPS ungetimiza ahadi.

Karatasi haina milima. Mawimbi ya VOR husafiri kwa mstari ulionyooka, na uwanja wa Kisumu uko chini, mita 1,157 juu ya usawa wa bahari, kandokando ya ziwa, huku vilima vya Riat vikisimama kaskazini na ukuta wa Nandi mashariki. Ndege iliyo chini upande wa Kakamega iko nyuma ya kilima kwa mtazamo wa antena, ingawa ni kilomita 40 tu. Upande wa ziwa, kinyume chake, hakuna kinachozuia, na rubani anayetoka Mfangano au Rusinga anaweza kukipata kituo mapema. Eldoret iko juu sana, zaidi ya futi 6,900, na inaona Uasin Gishu na Trans Nzoia vizuri. Nakuru inashika Bonde la Ufa na mteremko wa Mau. Kwa hiyo jibu langu ni vituo 3 vya VOR na DME, si kimoja: Kisumu kwa ziwa na tambarare ya Kano, Eldoret kwa nyanda za kaskazini, Nakuru kwa mlango wa kutoka Nairobi. Vingine vinavyobaki vipimwe kwa swali moja: kuna kipande cha anga ambacho hivi 3 havikioni?

Gharama itatajwa, na ni haki itajwe. Mtambo wa VOR wenyewe unakula umeme mdogo. Kinachokula fedha ni vipuri, mafundi, na ndege maalumu ya ukaguzi inayopaswa kuruka na kuthibitisha kwamba nyuzi 045 ni 045 kweli. Mtambo usiokaguliwa ni hatari kuliko mtambo uliozimwa, kwa sababu unaaminika. Ndiyo maana nasema vichache vitunzwe vizuri. Na vitunzwe kwa umeme wake wenyewe. Agosti 25, 2023 nchi nzima iliingia gizani na hata uwanja wa Jomo Kenyatta ukakaa gizani kwa saa kadhaa. Kinga ya GPS inayotegemea waya uleule uliokatika kila mahali inarudia kosa la mwanzo, la kutundika kila kitu kwenye msumari mmoja. Paneli za sola na betri za kutosha juu ya kibanda cha mtambo huko Kisumu, mahali penye jua hili, si ombi kubwa.

Pingamizi la pili nalichukulia kwa uzito zaidi, kwa sababu linatoka kwa marubani wenyewe. Wanasema: sisi tunaruka kwa macho. Ziwa liko kushoto, reli iko kulia, Menengai haihami. Ni kweli kwamba kinga ya kwanza ya ndege ndogo ni dirisha, ramani ya karatasi, dira na saa, na anayeruka asubuhi safi kutoka Kisumu kwenda Homa Bay hahitaji VOR wala GPS. Lakini safari za magharibi haziishii asubuhi. Kufikia saa tisa alasiri mawingu yamejenga minara juu ya Nandi Hills na Kericho, mvua ya mawe inapiga mashamba ya chai, na njia ya kurudi Nairobi inapita juu ya nchi inayozidi mita 2,700 Timboroa na kupanda zaidi kwenye Mau. Juni 5, 2018 ndege aina ya Caravan iliyotoka Kitale kwenda Nairobi iligonga safu ya Aberdare na watu wote 10 waliokuwa ndani wakafariki. Mabaki yalipatikana siku 2 baadaye. Silihusishi tukio hilo na GPS. Nalitaja kwa sababu ya mahali: ndege ndogo ikiwa kwenye mawingu kati ya magharibi na Nairobi, hakuna nafasi ya kubahatisha ilipo, hata kama kila kifaa kinafanya kazi.

Kisha kuna suala la mikono. Mtambo wa ardhini haumsaidii rubani ambaye mara ya mwisho kufuata mstari wa VOR ilikuwa siku ya mtihani wa leseni. Ujuzi huu hupotea haraka. Kuweka masafa, kusikiliza Morse, kuzungusha kitufe mpaka sindano ikae katikati, kuamua kama unakwenda kituoni au unatoka, kukumbuka kwamba juu ya kituo chenyewe sindano huchanganyikiwa: kila hatua ni rahisi chini na ngumu ndani ya wingu huku abiria wakitapika. Natamani kila shule ya urubani na kila kampuni ya ndege za kukodi ifanye zoezi la kufunika skrini zote za GPS, kishikwambi kikiwemo, na kurudi uwanjani kwa redio, dira na saa. Lifanywe siku safi, mwalimu akiwa pembeni. Wanaomiliki ndege binafsi ambazo kipokezi cha VOR kiliharibika na hakikurudishwa wanaweza kuanza na redio ya mkononi. Zipo zinazosoma VOR na kufanya kazi kwa betri zake, bila kutegemea umeme wa ndege. Si mbadala kamili, ila rubani akiwa nayo ana angalau kifaa kimoja kisichosikiliza setilaiti.

Kuna jambo moja dogo la tabia ambalo lingebadilisha mengi hata kabla ya senti moja kutumika. Rubani anayeona GPS yake ikicheza juu ya Londiani au Ahero kwa dakika 2 kisha ikarudi, hunyamaza. Anadhani ni antena yake. Akifika anakunywa chai na kusahau. Kama angempa taarifa mwongoza ndege, na mwongoza ndege akaiandika pamoja na saa, kimo na mahali, baada ya miezi kadhaa tungekuwa na ramani ya kweli ya wapi mawimbi yanavurugwa, na watu wa masafa wangejua pa kupeleka gari la upimaji. Marubani wa Baltiki na Mediterania walianza hivyo, kwa kuripoti.

Kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga ninaomba mambo yanayopimika. Itangaze orodha ya mitambo ya ardhini ya magharibi ambayo nchi inaahidi kuitunza, na ile ambayo itafungwa, kwa tarehe. Iandike kwa kila kituo tarehe ya ukaguzi wa mwisho wa ndege, mahali rubani anapoweza kuisoma kabla ya kuruka. Ihakikishe kwamba Kisumu, kama uwanja mkubwa wa kanda ya ziwa, haibaki hata siku moja bila njia ya kutua isiyotegemea setilaiti, na mtambo ukizimwa kwa matengenezo, wa Eldoret usizimwe wiki hiyohiyo. Taarifa za anga husasishwa duniani kote kila baada ya siku 28, kwa hiyo nafasi ya kuichapisha orodha hiyo inakuja kila mwezi.